Mvua ileile, matokeo tofauti: jinsi hali ya hewa inavyotawala chavua ya miti

Kila ifikapo Oktoba, mijakaranda ya Nairobi inapotandaza maua ya zambarau barabarani, malalamiko huanza kusikika maofisini, kwenye matatu na katika makundi ya WhatsApp: macho yanawasha, pua zinachuruzika, chafya hazikatiki, na lawama yote humwangukia mjakaranda. Miezi mitatu baadaye, ndugu zetu walioko Texas huandika kwamba wameamka na kile wenyeji wanachokiita "homa ya mwerezi", na kwamba taarifa ya habari imewaonya kuwa chavua hewani imepanda kupita kiasi, ilhali nje kuna baridi na hakuna ua hata moja linaloonekana. Wanaousoma ujumbe huo huku nyumbani hushangaa itakuwaje miti itoe chavua wakati wa baridi, na hali ya hewa inahusika vipi na jambo hilo.

Majibu yanayozunguka ni mengi, na yanapingana. Wapo wanaosema mvua husafisha hewa na kuleta nafuu, na wapo wanaoapa kwamba wao huzidiwa mara tu mvua inapopita. Wengine hulaumu joto, wengine baridi, wengine upepo. Kwa maoni yangu, watu hawa wote wameona kitu cha kweli, ila wanauliza swali nusu. Tunauliza mvua inaifanya nini chavua bila kuuliza mvua hiyo imenyesha lini: miezi kadhaa kabla ya mti kuchanua, asubuhi ya siku yenyewe, au saa moja baada ya chavua kupaa. Mvua ileile, joto lilelile na upepo uleule huleta matokeo yanayokinzana kutegemea chavua imefikia hatua gani. Mtu akishaielewa hiyo kanuni moja, sehemu kubwa ya utata huu hufunguka.

Tuanze na maneno yenyewe. Chavua ni ungaunga unaotolewa na sehemu ya kiume ya ua, au na koni ya kiume kwa miti isiyo na maua ya kawaida, kama msaiprasi na msindano. Kila chembe yake hubeba kiini cha kiume kinachopaswa kufika kwenye sehemu ya kike ya mmea wa aina ileile ili mbegu itungwe. Chembe hizo ni ndogo mno. Nyingi zina upana wa mikromita 10 hadi 100, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Mzio, ambao wengi wanaujua kwa jina la aleji, ni hali ya kinga ya mwili kuzichukulia protini zisizo na madhara kana kwamba ni adui, kisha kupambana nazo kwa chafya, kamasi, machozi na, kwa baadhi ya watu, kubanwa na kifua. Mzio wa chavua hujengeka baada ya mwili kukutana na chavua hiyo tena na tena, na hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kuhamia nchi ngeni, akakaa misimu kadhaa bila shida yoyote, kisha akaanza kuumwa wakati ambapo alidhani ameshaizoea nchi.

Jambo la pili la kulijua mapema ni kwamba si kila chavua husafiri kwa upepo. Miti yenye maua makubwa, ya rangi kali au yenye harufu, kama mjakaranda, mkrismasi na kibobakasi, huwaita nyuki, wadudu wengine na ndege ili wabebe chavua yao. Chavua ya namna hiyo kwa kawaida ni nzito na hunata, kwa kuwa kazi yake ni kung'ang'ania mwili wa mbebaji. Miti ya kundi la pili haina haja ya kumvutia yeyote. Maua au koni zake ni ndogo, za kijani au kahawia, na hutoa chavua kavu na nyepesi kwa mamilioni, kwa sababu kati ya chembe nyingi mno ni chache tu zitakazobahatika kufika. Katika kundi hili wamo msaiprasi, mtarakwa, msindano, podo, mvinje wa pwani na mtende. Hata mahindi yamo: mkulima aliyepita katikati ya shamba lililotoa mbelewele akatoka na ungaunga wa manjano mabegani ameshaishuhudia kazi hiyo kwa macho yake.

Kwa hiyo mjakaranda unasingiziwa kwa sehemu kubwa. Mti huo, uliotoka Amerika Kusini, huchavushwa na wadudu. Huchanua kuelekea mwisho wa kiangazi, wakati vumbi limejaa hewani, na ua lake likiwa bado barabarani mvua za vuli huanza na kuamsha kuvu na nyasi, ambazo zote hurusha chembe zinazoweza kuudhi pua. Mjakaranda unaonekana, visababishi vingine havionekani, basi kesi inamwendea anayeonekana. Hata hivyo mpaka kati ya makundi haya mawili hauko wazi kama ukuta. Mathenge, mti uliosambaa Baringo, Garissa na kwingineko katika maeneo makavu, hutegemea zaidi nyuki, lakini hutoa chavua nyingi kiasi kwamba sehemu yake hupeperuka, na madaktari wa nchi za Ghuba na India wamekuwa wakiwaona wagonjwa wenye mzio wa chavua ya jamii ya mti huo kwa miaka mingi.

Miezi mingi kabla ya chafya ya kwanza

Hali ya hewa huanza kazi yake mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua ni wa Japani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya nchi hiyo ilihimiza upandaji wa mti uitwao sugi, wa jamii moja na msaiprasi, ili kurudisha misitu iliyokuwa imekatwa na kupata mbao za ujenzi. Leo misitu ya kupandwa ya sugi inafunika zaidi ya hekta milioni 4. Mwaka 1964 madaktari waliripoti kwa mara ya kwanza ugonjwa wa mzio wa chavua ya mti huo, uliochunguzwa katika eneo la Nikko, na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu watu 4 kati ya kila 10 wanao. Tatizo limekuwa zito hata serikali ikatangaza mwaka 2023 mpango wa kupunguza eneo la misitu hiyo kwa asilimia 20 katika muda wa miaka 10.

Sugi hurusha chavua kuanzia Februari hadi Aprili, lakini koni zake za kiume huanza kuumbika Julai na Agosti za mwaka uliotangulia. Julai ikiwa na jua kali na joto, mti huunda koni nyingi. Julai ikiwa na mawingu na mvua zisizokoma, koni huwa chache. Ndiyo maana wataalamu wa Japani hutoa makadirio ya msimu wa chavua miezi kadhaa kabla haujaanza: hutazama takwimu za jua la Julai, kisha huingia msituni mwishoni mwa mwaka kuzikagua koni zenyewe kwenye matawi. Mjapani anayefurahia kiangazi kizuri cha Julai anaandaliwa, bila kujua, machozi ya Machi.

Sasa tuhamie katikati ya Texas, kwenye vilima vya mawe ya chokaa vilivyo karibu na miji ya Austin na San Antonio. Mti unaowasumbua watu huko huitwa mwerezi na wenyeji, lakini hauhusiani kwa karibu na mierezi ya Lebanoni. Jina lake la kitaalamu ni Juniperus ashei, na ni ndugu wa mtarakwa wetu, Juniperus procera, unaoota Aberdare, Mau na Usambara. Huko Texas udongo ni mwembamba na maji hayadumu, kwa hiyo kinachouzuia mti kuzaa sana ni ukame. Miezi ya mvua za kutosha huuongezea mti nguvu, na matawi mapya hubeba koni nyingi za kiume. Penye uhaba wa jua, jua ndilo linaloongeza chavua ya mwaka unaofuata. Penye uhaba wa maji, ni mvua. Anayesema "mvua hupunguza chavua" na anayesema "mvua huongeza chavua" wanaweza kuwa wanasema kweli wote wawili, ila mmoja anazungumzia leo na mwingine anazungumzia mwakani.

Baada ya koni kuumbika, bado kuna suala la siku ya kuanza. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, miti mingi hulala hadi ipate baridi ya kutosha, kisha huanza kujumlisha joto siku baada ya siku, na jumla hiyo ikifika kiwango fulani ndipo huchanua. Mbetula, mti wa gome jeupe unaoongoza kwa kusababisha mzio Ulaya ya Kaskazini, hufuata kanuni hii kwa ukaribu sana. Machi yenye joto huleta msimu mapema, na Machi ya baridi huuchelewesha. Baridi, basi, haiui chavua. Huipangia saa. Katika ukanda wetu wa ikweta, ambako tofauti ya joto kati ya mwezi na mwezi ni ndogo, saa hiyo hushikwa zaidi na kupokezana kwa mvua na kiangazi, na kwa sababu hiyo msimu wa chavua hauna tarehe kali kama ule wa Ulaya.

Siku ya kutoka

Hapa ndipo hali ya hewa ya siku moja inapokuwa na nguvu kubwa. Ukiitazama kwa karibu koni ya kiume ya mwerezi wa Texas mwezi Januari utaona kitu kidogo cha milimita chache tu, cha rangi ya kaharabu, kilichofunikwa na vigamba vilivyopangana. Chini ya kila kigamba kuna vifuko vilivyojaa chavua. Kigamba kikiwa na unyevu huwa kimejaa na kimebana, na vifuko hubaki vimefichwa. Hewa ikikauka, maji hutoka kwenye kigamba, kigamba husinyaa, nafasi hufunguka kati yake na jirani yake, na ngozi nyembamba ya kifuko hukauka na kupasuka. Chavua iko wazi sasa, inasubiri kutikiswa tu. Mti wa kiume wenye mamia ya maelfu ya koni kama hizo hubadilika rangi kutoka kijani na kuwa wa kahawia nyekundu, hata mtu wa mbali hudhani umeungua.

Kipimo rahisi cha siku ya hatari ni kamba ya nguo. Siku ambayo nguo hukauka upesi, yaani siku ya jua, hewa kavu na upepo wa wastani, ndiyo siku ambayo vigamba hufunguka na chavua hutoka. Na siku ambayo nguo hushinda kambani zikiwa bado mbichi, chavua nayo hushinda ndani ya vifuko. Mlinganisho huu unafaa kwa sababu jambo linalotendeka ni lilelile: maji yanaondoka kwenye kitu kilicholowa na kuingia hewani. Unaeleza pia kwa nini saa za siku si sawa. Alfajiri kuna umande na hewa imejaa unyevu, hivyo koni nyingi zimefunga. Jua likipanda na umande ukikauka, kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi, chavua huanza kumiminika, na karibu na miti yenyewe kiwango hufikia kilele kati ya saa hizo na mchana.

Texas inatoa picha kali zaidi ya hali hiyo. Siku kadhaa hewa ya joto na unyevu hupanda kutoka Ghuba ya Meksiko na kuzifunga koni, huku zikiendelea kukomaa. Kisha mkondo wa hewa baridi na kavu hushuka kutoka kaskazini, anga hutakata, unyevu hushuka ghafla, upepo huvuma, na koni zilizokuwa zikisubiri hufunguka karibu kwa pamoja. Miti hutoa mawingu ya manjano yanayofanana kabisa na moshi, na si ajabu watu kupiga simu kwa kikosi cha zimamoto wakidhani msitu unawaka. Hii ndiyo sababu ya msimu huo kuwa wa Desemba hadi Februari, na ndiyo sababu mgonjwa wa huko huzidiwa siku ya baridi na jua badala ya siku ya joto na mawingu. Waswahili walioko katikati ya Texas, wakiona kwenye utabiri kwamba upepo wa kaskazini unakuja baada ya siku kadhaa za unyevu, wameshaonywa.

Niongeze neno moja kuhusu jina la ugonjwa huo, kwa kuwa lina madhara. Mzio wa chavua hauleti homa ya kweli. Huchosha, huumiza kichwa na hufanya mtu ajisikie vibaya, lakini joto la mwili likipanda sana, sababu ni nyingine na inapaswa kutafutwa. Kwa mtu aliyerudi karibuni kutoka Afrika Mashariki au Kongo, kuisingizia chavua homa ambayo huenda ni malaria ni kosa linaloweza kugharimu maisha.

Safari ya angani

Chavua ikishatoka, swali linabaki moja: itakwenda umbali gani? Hesabu ndogo inasaidia. Chembe ya ukubwa wa mikromita 20 hadi 25, kama ya mbetula au ya jamii ya mtarakwa, huanguka katika hewa tulivu kwa mwendo wa sentimita moja hadi mbili hivi kwa sekunde. Kutoka kwenye tawi lililo mita 10 juu ya ardhi, kwa mwendo wa sentimita moja na nusu, itachukua takriban dakika 11 kufika chini. Upepo ukivuma mita 5 kwa sekunde, ambao ni upepo wa kawaida tu, katika dakika hizo itakuwa imesogea zaidi ya kilomita 3. Na hewa ya mchana haitulii. Ardhi iliyopashwa na jua huipasha hewa iliyo juu yake, hewa hiyo huinuka kwa mwendo ambao mara nyingi hupita mita moja kwa sekunde, na chembe inayoanguka sentimita moja na nusu kwa sekunde haina uwezo wa kushindana nayo. Hubebwa juu, mara nyingine hadi kimo cha kilomita moja na zaidi, na huko hukutana na pepo za kasi zinazovuka mipaka ya nchi.

Kwa njia hiyo Finland hupokea chavua ya mbetula kutoka nchi zilizo kusini mwake kabla mibetula yake yenyewe haijachanua. Mgonjwa wa Helsinki anaweza kuanza kuwashwa macho huku miti ya mtaani kwake ikiwa bado imelala. Kukata mti mmoja ulio mbele ya nyumba, jambo ambalo watu wengi hulifikiria, hupunguza chavua ya karibu tu.

Upepo nao una pande mbili. Upepo mdogo sana hauitikisi koni. Upepo wa wastani katika hewa kavu hutoa chavua na kuitandaza. Upepo mkali huondoa akiba ya mti mapema na kuichanganya chavua na hewa nyingi, hivyo kiwango cha kila mita ya ujazo kinaweza hata kushuka. Mwelekeo ni muhimu vilevile. Kwenye fukwe zetu zenye mivinje, upepo wa bahari wa mchana husukuma chavua kuelekea nchi kavu, na usiku upepo unapogeuka huirudisha baharini. Nyumba mbili zilizo sawasawa umbali kutoka kwenye mstari wa mivinje, moja upande wa nchi kavu na nyingine upande wa bahari, hazipati kiasi kimoja hata kidogo.

Wengi hudhani usiku ni salama. Ni kweli miti haitoi chavua nyingi usiku, lakini ile iliyopanda mchana lazima ishuke. Jua likizama, ardhi hupoa, hewa haiinuki tena, na chembe zilizokuwa juu huanza kurudi chini. Usiku ukiwa mtulivu na usio na mawingu, hewa baridi hujilaza karibu na ardhi na hewa ya joto ikakaa juu yake, na chavua hubaki imenaswa katika tabaka la chini ambamo watu wanalala madirisha yakiwa wazi. Mijini hali hii hutokea jioni na mapema usiku, na mtu aliyejihadhari mchana kutwa hushangaa anapoanza kupiga chafya saa tatu usiku.

Mvua

Mvua kubwa inayonyesha kwa muda wa kutosha huiosha hewa kweli. Matone makubwa hugongana na chembe na kuzishusha, na zile zilizolala juu ya majani na paa huoshwa. Wakazi wa Mufindi, karibu na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, wanaweza kuuona ushahidi wa kazi hiyo wakati misindano inaporusha chavua: madimbwi huwa na utando wa manjano ukingoni, na wageni huuliza kama ni kemikali. Ni chavua tu, na hapa kuna dhana nyingine ya kuisahihisha. Chavua ya msindano ni kubwa, ina vifuko viwili vya hewa vinavyoisaidia kuelea, nayo huonekana kwa macho inapojikusanya, lakini ni watu wachache inaowaletea mzio. Ile inayowatesa wengi ni ndogo, na kwa kawaida haiachi rangi yoyote dirishani.

Mvua nyepesi ni jambo tofauti. Manyunyu ya dakika chache hayaoshi hewa kwa kiasi cha maana. Huzifunga koni kwa muda, na jua likirudi, chavua iliyozuiwa hutoka kwa mkupuo. Hivyo mtu anaweza kupata nafuu ya saa mbili na kuzidiwa jioni yake, akasema mvua ndiyo iliyomletea maradhi.

Wakulima wa mitende wa Oman, nchi ambayo Kiswahili kina wazungumzaji wake wa miaka mingi, wanaijua nguvu hii ya mvua kwa namna ya kitaalamu kabisa, ingawa hawakuisoma darasani. Mtende dume na mtende jike ni miti miwili tofauti, na kwa asili upepo ndio unaopeleka chavua kati yao. Lakini mkulima hamwachii upepo kazi hiyo. Hupanda juu ya mtende jike na kuweka vijiti vya maua ya kiume katikati ya kole la kike. Mvua ikinyesha saa chache baada ya hapo, chavua huoshwa, na mkulima hulazimika kupanda tena na kurudia. Siku za baridi nazo hupunguza utungaji wa tende hata kama chavua imefika.

Lililo gumu zaidi kulielewa, na lililo hatari zaidi, ni kwamba maji yanaweza kuipasua chavua. Chembe nzima ni kubwa kiasi kwamba sehemu kubwa yake hunaswa puani na kooni, na haifiki ndani ya mapafu. Ikiloa maji ya mvua, chembe hufyonza maji, huvimba na kupasuka, na kumwaga vipande vidogo vyenye protini zilezile za mzio. Vipande hivyo, vyenye upana wa mikromita chache au chini ya hapo, hupita puani bila kuzuiwa na kushuka hadi kwenye njia nyembamba za mapafu. Chavua ya jamii ya msaiprasi ina udhaifu wa pekee katika hili, kwa kuwa ganda lake la nje hupasuka upesi sana linapolowana.

Mvua ya radi hukusanya masharti yote ya hatari hiyo mahali pamoja. Hewa inayoinuka huichota chavua na kuipeleka mawinguni penye unyevu mwingi, chembe hupasuka, kisha hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu hushuka kwa kishindo na kuvisambaza vipande juu ya ardhi, mara nyingi dakika kadhaa kabla au wakati matone ya kwanza yanapoanguka. Jioni ya tarehe 21 Novemba 2016, mjini Melbourne, dhoruba ya namna hiyo ilipita baada ya siku ya joto kali. Maelfu ya watu walikimbilia hospitali wakiwa wamebanwa na kifua, na watu 10 walifariki. Chavua iliyohusika ilikuwa ya nyasi, siyo ya miti, lakini utaratibu wa kupasuka ni huohuo. Wengi wa walioathirika hawakuwahi kuambiwa kwamba wana pumu. Walijijua tu kuwa watu wa mafua ya msimu. Kwa hiyo ninapomsikia mtu mwenye pumu akisema atatoka nje kupunga hewa safi mara ngurumo zinapoanza, ninapata hofu ya kweli. Dakika hizo ndizo za kukaa ndani na kufunga madirisha, na kutoka nje kungoje hadi mvua iwe imenyesha vya kutosha na upepo kutulia.

Namba ya leo ni hewa ya jana

Katika nchi zinazotangaza viwango vya chavua, kifaa kinachotumika zaidi bado kinafuata muundo uliobuniwa na Mwingereza Jim Hirst mwaka 1952. Huwekwa juu ya paa, huvuta lita 10 za hewa kila dakika, takriban sawa na anachovuta mtu mzima aliyetulia, na chembe hunata kwenye utepe wenye gundi unaosogea milimita 2 kwa saa. Kisha mtaalamu huukata utepe huo, huuweka chini ya hadubini na kuhesabu chembe aina kwa aina. Vipo vifaa vipya vinavyohesabu vyenyewe, lakini mahali pengi namba inayosomwa asubuhi inaeleza hewa iliyokwisha kupita. Anayetaka kujua kesho itakuwaje anapaswa kuisoma namba hiyo pamoja na utabiri wa hali ya hewa: je, unyevu utashuka, upepo utatoka upande wenye miti, kuna radi inayotarajiwa?

Misimu yenyewe inabadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya takwimu za vituo 60 vya Amerika Kaskazini kutoka mwaka 1990 hadi 2018, ulionyesha kwamba msimu wa chavua sasa huanza takriban siku 20 mapema, na kwamba kiasi cha chavua kimeongezeka kwa asilimia 21 hivi. Kuongezeka kwa joto kuna mchango mkubwa katika mabadiliko hayo, hasa katika kuuwahisha msimu. Mgonjwa aliyezoea kuanza dawa zake tarehe fulani kila mwaka anaweza kukuta msimu umeshamtangulia.

Kwetu Afrika Mashariki taarifa ya habari haitutangazii kiwango cha chavua, lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa mvua, upepo na radi kila siku, na huo unatosha kumsaidia mtu anayeishi karibu na misaiprasi ya Limuru au Lushoto na anayejua kwamba inamdhuru. Asubuhi kavu yenye upepo baada ya siku za mvua, madirisha ya upande wa miti yafungwe hadi alasiri, mazoezi ya kukimbia yafanywe alfajiri umande ungalipo, na mashuka yaanikwe ndani, kwa sababu shuka linalokauka nje siku hiyo hukusanya chavua ambayo mtu atalala juu yake usiku kucha. Mwenye pumu ahakikishe dawa yake ya kuvuta iko mfukoni kabla ya wingu la radi kufika, na aliyewahi kubanwa na kifua wakati wa mvua ya radi, hata mara moja, amwone daktari kabla ya msimu unaofuata.